Ikama Kabla ya Mkataba: Kukadiria Watu na Mafunzo kwa Zana Mpya za Jeshi

Zana mpya ya kivita inapotangazwa, hutajwa bei yake, kasi yake, unene wa deraya yake na umbali inaopiga. Watu wake hutajwa mwishoni kwa maneno mawili: wahudumu watatu. Afisa mnadhimu aliyepewa kazi ya kupanga ikama akiyachukua maneno hayo mawili kuwa msingi wa hesabu, amekwisha kukosea kabla hajafungua daftari.

Angalia bateri ya makombora ya Patriot ya Jeshi la Marekani, inayotumika kuangusha ndege na makombora ya adui. Ndani ya kituo cha kuongozea mapigano wanatosha askari watatu. Bateri nzima ina askari wapatao 90. Hao wengine wanahudumia rada na majenereta, wanasimika milingoti ya mawasiliano, wanaendesha malori, wanapakia makombora mapya kwenye mitambo ya kurushia, wanatengeneza kinachoharibika, wanalinda eneo na wanapika. Ukimwondoa fundi wa jenereta, wale watatu watakaa gizani mbele ya skrini zilizozimika.

Kazi ya mkadiriaji ni kuwaona wale 87 mapema. Na mapema maana yake ni kabla ya mkataba kusainiwa, kwa sababu mkataba ndio unaoamua muuzaji atafundisha watu wangapi, kwa muda gani, vitabu vya matengenezo vitaandikwa kwa lugha gani, na vifaa vya kufundishia vitakuwa vingapi. Kabla ya saini, mambo hayo ni sehemu ya majadiliano ya bei. Baada ya saini, kila moja linakuwa manunuzi mapya, na muuzaji anajua huna pengine pa kwenda.

Anza na zana uliyonayo

Huwezi kupima kazi ya mashine ambayo bado haijafika. Lakini karibu kila zana mpya ina ndugu yake mkubwa aliyekwisha kutumika, na kumbukumbu za huyo ndizo hazina yako ya kwanza. Jeshi la Majini la Marekani lilianza kuifanya mbinu hii kuwa utaratibu rasmi mwishoni mwa miaka ya 1970 chini ya jina HARDMAN, na Jeshi la Nchi Kavu likaichukua. Katika miaka ya 1980 likaanzisha mpango mpana zaidi, MANPRINT, uliotaka suala la idadi ya watu, sifa zao, mafunzo, usalama na afya yao liingizwe kwenye usanifu wenyewe wa zana badala ya kusubiri ikabidhiwe.

Kiini chake ni rahisi kufuata hata bila kompyuta kubwa. Igawe zana mpya katika sehemu zake: injini, mfumo wa kusafirisha nguvu, silaha, vifaa vya kulengea, redio, umeme. Kwa kila sehemu tafuta sehemu inayofanana nayo ambayo tayari inatumika, katika jeshi lako au la jirani mnayeelewana. Chukua kumbukumbu za sehemu hiyo: inaharibika mara ngapi, inachukua saa ngapi kutengenezwa, na fundi wa daraja gani. Kisha rekebisha namba hizo pale palipo na tofauti ya kweli, na uandike sababu ya kila marekebisho ili atakayekuja baada yako aweze kuipinga.

Jeshi la Kenya lilipopokea helikopta 6 za MD 530F mwaka 2020, lilikuwa na bahati ambayo wanunuzi wengi hawana. Helikopta hizo zinatokana na ukoo wa Hughes 500, ambao Kenya imeurusha tangu miongo ya nyuma. Kwa umbo la ndege na kwa injini, kumbukumbu za karakana zake zinaweza kusema mengi. Kwa vifaa vipya vya kulengea na silaha haziwezi kusema kitu, na hapo ndipo mkadiriaji katika hali kama hiyo anapaswa kutafuta ndugu mwingine. Usiruhusu kufanana kwa sehemu moja kukushawishi kwamba zana nzima ni ileile.

Tofauti inayoonekana ndogo huja na watu wengi nyuma yake. Januari 2023 Marekani ilitangaza kuipa Ukraine vifaru 31 vya Abrams. Kifaru cha T-72, ambacho Waukraine walikizoea, kina wahudumu 3, kwa kuwa mtambo wake unajaza mzinga wenyewe. Abrams ina wahudumu 4, kwa kuwa mzinga unajazwa na mtu. Hapo tayari pana askari 31 wa ziada ambao hawakuwemo katika ikama ya zamani. T-72 inatumia injini ya dizeli ya pistoni. Abrams inatumia injini ya tabo, na fundi hodari wa ile ya kwanza ni mwanafunzi mbele ya hii ya pili. Abrams ni nzito kuliko T-72 kwa tani nyingi, kwa hiyo gari la zamani la kuvuta vifaru vilivyokwama halitoshi, na ndiyo maana tangazo hilohilo lilijumuisha magari 8 ya M88 ya kazi hiyo. Magari hayo nayo yana madereva wake, mafundi wake na masomo yake.

Orodhesha kazi zote

Hatua inayofuata inachosha, nami naiona kuwa ndiyo yenye thamani kuliko zote. Andika kila kazi ambayo zana hiyo itamtaka binadamu aifanye, mchana na usiku, kambini na uwanjani. Kuiendesha na kuipiga ni sehemu ndogo tu. Kuna kuikagua kabla ya safari, kuijaza mafuta, kubeba na kuhifadhi risasi zake, kubadilisha minyororo au matairi, kusafisha vichujio vya hewa katika nchi yenye vumbi, kuingiza programu mpya kwenye kompyuta yake, kulinda funguo za siri za redio, kuandika taarifa za vipuri.

Usiifanye kazi hii ofisini peke yako. Kaa na sajenti aliyehudumia zana ya zamani kwa miaka mingi, umwombe akusimulie wiki yake tangu Jumatatu asubuhi. Atakutajia kazi ambazo hazimo katika kitabu chochote cha kiwanda. Kiwanda hakijui kwamba maji ya kuoshea deraya yanatoka kisimani kilomita mbili, au kwamba kibali cha kutoa betri ghalani kinahitaji saini tatu.

Jihadhari hasa na zana zinazouzwa kwa sifa ya kupunguza watu. Ndege zisizo na rubani zina marubani, ila wanakaa chini. Jeshi la Anga la Marekani, ili kuweka ndege za Predator au Reaper angani saa 24 bila kukatika juu ya eneo moja, lilikuwa likihesabu ndege 4 na watu zaidi ya 150: marubani wa zamu, waendesha kamera, mafundi wa kuzirusha na kuzipokea, na wachambuzi wanaotazama picha. Watu hawakutoweka, ila wamehamia mahali ambapo muuzaji hapaonyeshi katika kipeperushi.

Geuza kazi kuwa saa

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme jeshi linanunua magari 40 ya deraya. Namba nitakazotumia ni za mfano. Weka zako kutoka katika kumbukumbu zako.

Kwanza wahudumu. Kila gari lina dereva, mpigaji na kamanda, jumla viti 120. Lakini siku yoyote ile baadhi ya askari wako likizo, hospitalini, masomoni au kwenye kazi maalumu. Ikiwa katika kila 100 hukosekana 15, basi ili viti 120 vijae unahitaji 120 kugawanya kwa 0.85, yaani watu 142. Ukipanga 120 kamili, magari kadhaa yatalala siku ya kwanza ya mazoezi.

Kisha mafundi, ambako makosa huwa makubwa zaidi. Kila gari litatembea saa 400 kwa mwaka. Kumbukumbu za gari linalofanana nalo zinaonyesha kwamba kila saa moja ya mwendo huzaa nusu saa ya matengenezo. Magari 40 mara saa 400 mara nusu ni saa 8,000. Ongeza huduma za kawaida zilizopangwa, saa 100 kwa kila gari kwa mwaka, yaani saa 4,000. Jumla ni saa 12,000 za mikono ya fundi.

Karani wa haraka atasema: fundi anafanya kazi saa 8 kwa siku, siku 261 kwa mwaka, saa 2,088, kwa hiyo mafundi 6 wanatosha. Hesabu hiyo inamfanya fundi kuwa mtu asiyeugua, asiyekwenda gwaride, asiyelinda lango usiku. Fanya upya. Katika siku 365 ondoa 104 za mwisho wa wiki, 28 za likizo, 15 za sikukuu, na 58 za ulinzi, gwaride, shabaha, ugonjwa na masomo. Zinabaki 160. Na katika saa 8 za siku ya karakana, mikono haishiki spana saa zote 8. Kuna kusubiri vipuri, kuandika kadi, kusukuma gari, kusafisha zana. Tuseme saa 5. Sasa fundi mmoja anatoa saa 800 kwa mwaka, na saa 12,000 zinahitaji mafundi 15.

Sita na kumi na tano! Pengo hilo ndilo linalojaza magari mabovu nyuma ya karakana, huku kila mtu akilaumu ubora wa magari.

Hujamaliza. Fundi wa redio hawezi kujaza pengo la fundi wa giaboksi, kwa hiyo gawa saa hizo kwa fani. Tuseme injini na giaboksi zinachukua saa 6,400, silaha na vifaa vya kulengea 2,900, umeme na redio 1,900, na uchomeleaji 800. Ukigawanya kila fani kwa 800 na kupandisha hadi mtu mzima, unapata 8, 4, 3 na 1: jumla 16, si 15. Halafu mtazame yule mchomeleaji mmoja. Akienda likizo, kamanda ataambiwa, "Afande, mchomeleaji hayupo hadi mwezi ujao." Fani isiachwe na mtu mmoja pekee. Weka wawili, jumla 17.

Rudia hesabu yote kwa hali ya operesheni, ambapo saa za mwendo huongezeka, likizo hufutwa na siku ya kazi hurefuka, kisha chukua idadi kubwa kati ya hizo mbili. Katika kurefusha siku ya kazi kuwa mwangalifu. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilieleza kwamba mabaharia wa meli za kivita walikuwa kazini wastani wa saa 108 kwa wiki, wakati kiwango kilichotumika kupanga idadi yao kilikuwa saa 80. Mwaka huohuo meli mbili za Marekani, USS Fitzgerald na USS John S. McCain, ziligongana na meli za biashara katika ajali tofauti, na mabaharia 17 wakafa. Sababu zilikuwa nyingi, na uchovu ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa. Anayepunguza namba katika jedwali ili lipitishwe na mkubwa wake ajue kwamba saa anazofuta hazifutiki. Zinahamia kwenye usingizi wa kijana fulani.

Meli iliyopangiwa watu 40

Mfano ninaoupendekeza usomwe na kila mpangaji ikama ni wa meli za kivita za pwani za Marekani, LCS. Ya kwanza, USS Freedom, iliingia kazini mwaka 2008. Wapangaji waliamini kwamba mitambo ya kujiendesha ingewezesha meli nzima kuendeshwa na wahudumu wa msingi 40, na vikundi vidogo vya ziada kwa ajili ya kazi maalumu na helikopta. Matengenezo mengi yangefanywa na makandarasi bandarini, na wahudumu wangefika wakiwa wamekwisha kuhitimu katika vifaa vya kuigizia nchi kavu.

Freedom ilipokwenda Singapore mwaka 2013 katika safari yake ya kwanza ndefu, wahudumu wa msingi walikuwa wamekwisha kuongezwa hadi kama 50. Hata hivyo GAO iliripoti kwamba walilala wastani wa saa 6 kwa siku, chini ya kiwango cha saa 8 cha Jeshi la Majini, na idara ya mitambo ilikuwa miongoni mwa zilizobanwa zaidi. Januari 2016, hukohuko Singapore, meli nyingine ya aina hiyo, USS Fort Worth, iliharibu giaboksi zake kwa kuwashwa bila mafuta ya kutosha ya kulainisha, kwa kuwa utaratibu haukufuatwa. Hitilafu nyingine zikafuata katika meli dada, na Septemba mwaka huo jeshi likaagiza mabaharia wa mitambo wa meli hizo wapimwe na kufundishwa upya, kisha likatangaza kwamba wahudumu wa msingi na wa kazi maalumu waunganishwe, wawe 70.

Kutoka 40 wa msingi hadi 70 pamoja na wa kazi maalumu, ndani ya meli ambayo vitanda vyake vilikwisha kuchorwa! Kwa gari la deraya unaweza kuongeza mafundi na kuwajengea bweni. Kwa meli, idadi ya watu huwekwa ndani ya chuma, kwa hiyo makadirio ya ikama ya meli yanataka akiba ya vitanda tangu mchoro wa kwanza, hata kama muuzaji atadai vinapoteza nafasi.

Askari gani, si wangapi tu

Ukishapata idadi, uliza sifa. Katikati ya miaka ya 1980 watafiti wa Jeshi la Marekani walizirudia zana zilizokwisha kuingia kazini, zikiwemo kombora la begani la Stinger na helikopta ya Black Hawk, ili kuona masuala ya watu na mafunzo yalishughulikiwaje wakati wa usanifu. Kwa Stinger jambo lilikuwa dhahiri: mpigaji anatakiwa kutambua ndege, kuamua kama ni ya adui, na kufuata mlolongo wa hatua ndani ya sekunde chache. Kombora linaweza kuwa zuri sana kiwandani na kukosa shabaha mikononi mwa askari wa kawaida aliyechoka.

Kwa hiyo chukua orodha yako ya kazi na uitazame pamoja na kumbukumbu za askari ulionao kweli. Wangapi wanasoma Kiingereza cha kitabu cha ufundi bila kusaidiwa? Wangapi wana msingi wa umeme kutoka sekondari au chuo? Wangapi wanaweza kuinua uzito huo au kukaa katika kiti hicho? Ikiwa kazi inahitaji fundi mahiri wa elektroniki na jeshi zima lina wachache ambao mashirika ya simu yanawawinda kila siku, hiyo ni taarifa ya kupeleka kwenye meza ya manunuzi. Huenda zana nyingine isiyo ya kisasa kiasi hicho ikafaa zaidi. Sioni aibu katika uamuzi huo.

Mafunzo ni mto unaotiririka

Si kila kazi katika orodha inahitaji darasa. Zipime kwa maswali matatu: ni ngumu kiasi gani, ina uzito gani ikikosewa, na hufanywa mara ngapi. Kazi rahisi inayofanywa kila siku itajifunzwa kikosini kwa kumtazama mzoefu. Kazi ngumu, ya hatari na inayofanywa kila siku inahitaji darasa zuri. Lakini ile ngumu, ya hatari na inayotokea mara chache, kama kuzima moto ndani ya gari au kutegua risasi iliyokwama, inahitaji darasa na marudio ya kila mara, kwa sababu mkono husahau. Hizo ndizo zinazotaka simuleta na mafunzo rejea ya kila miezi kadhaa. Ziandikie bajeti yake mapema, maana ndizo za kwanza kukatwa.

Kisha hesabu mtiririko. Turudi kwa mafundi 17. Ikiwa katika kila wanafunzi 10 wanafaulu 8, mwanzoni unahitaji nafasi 22 za masomo. Baada ya hapo, ikiwa kila fundi anakaa kazini miaka 4 kabla ya kupandishwa cheo, kuhamishwa au kustaafu, kila mwaka wanaondoka zaidi ya 4 kidogo, na kuwarudisha kwa kiwango kilekile cha ufaulu unahitaji wanafunzi 6 kila mwaka, kwa maisha yote ya zana. Kozi ikiwa ya miezi 6, wanafunzi 6 ni sawa na watu 3 wa mwaka mzima walio darasani daima. Wasipoingizwa katika ikama kama wanafunzi, watachukuliwa kutoka karakana, na wale 17 watakuwa 14.

Mikataba mingi huishia kwenye wale 22 wa kwanza. Wanapelekwa ng'ambo, wanarudi na vyeti, wanapigwa picha. Miaka minne baadaye wengi wao hawapo, na hakuna wa kuwafundisha wengine. Katika kundi la kwanza teua mapema watakaokuwa wakufunzi, wapewe kozi ya ziada ya ukufunzi, wabaki chuoni kwa muda uliowekwa, na magari mawili au matatu yatengwe kwa darasa tu. Magari hayo yaingie katika idadi ya ununuzi: anayehitaji magari 40 kikosini anunue zaidi ya 40.

Usikadirie muda wa kozi kwa mifano ya dharura. Mwaka 2023 Waukraine wapatao 65 walimaliza mafunzo ya Patriot huko Fort Sill, Oklahoma, kwa muda wa kama wiki 10, mfupi kuliko wa kawaida. Walichaguliwa miongoni mwa askari wenye uzoefu wa kujikinga na mashambulizi ya anga, na nchi yao ilikuwa vitani. Ukichukua wiki hizo 10 na kumpangia kijana aliyetoka depo mwaka huu, utampeleka kikosini akijua kubonyeza vitufe bila kujua anachokiona.

Jaribu, kisha rekebisha

Kabla ya mkataba mkubwa, omba zana moja au mbili za majaribio, uwape askari wako wa kawaida, wasiwe wale bora ulioteua kwa ajili ya wageni. Waache wabadilishe injini wakiwa na kitabu tu, usiku, wakiwa wamevaa vifaa vyao vyote. Pima saa. Ikiwa muuzaji aliandika saa 3 na wao wamechukua saa 7, rudi kwenye jedwali na uweke 7, hata kama mhandisi wa kiwanda aliyesimama pembeni anasema watazoea.

Zana zikishaingia kazini, kila kadi ya karakana iandike saa zilizotumika na fani ya fundi. Baada ya miezi 12 weka namba hizo kando ya makadirio, fani kwa fani. Pale palipozidi kwa robo au zaidi, kaa na sajenti wa karakana mtafute sababu kabla ya kuomba watu, kwani huenda tatizo ni vipuri vinavyochelewa au kitabu kisichosomeka. Tofauti itakayobaki baada ya hapo iombee nafasi katika ikama ya mwaka unaofuata, na nakala ya hesabu nzima, pamoja na sababu za kila marekebisho, ihifadhiwe mahali ambapo mkadiriaji wa zana itakayofuata ataipata.